Anti Mwakani na Mavuno ya Beseni

Kila asubuhi, kabla hajashika mkoba, Rozina aliandika neno moja kwenye kiganja cha mkono wa kushoto. Aliandika kwa kalamu ya bluu, kwa herufi za kwao, jinsi sikio lilivyolisikia neno lenyewe, maana maandishi ya Kichina aliyaona kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Neno la jana lilikuwa limeshakwenda na maji ya vyombo. La leo lilikaa mpaka jioni, likila jasho na vumbi la vitambaa, na kila alipokwama sokoni alikunjua vidole kidogo tu, akachungulia, akasema.

Daftari hakulitaka. Kazi yake ilikuwa Zhongda, soko la vitambaa, kuwachagulia majora wafanyabiashara wa Dar na Unguja. Mkono mmoja umeshika kitambaa, wa pili unavuta uzi kuona kama unakatika. Hilo daftari ulishike kwa meno? Kiganja kilitosha. Kwa miaka minne kilikuwa kimemfundisha taigui, yaani ghali mno. Meiyou, yaani hakuna. Na laoban, bosi, ambalo unamwitia kila mwenye duka, na ukimwita hivyo huku unacheka, bei inashuka kidogo.

Alikuja Guangzhou mwaka tisini na nne akimfuata mumewe, Alphonce, aliyekuwa akisomea udaktari. Sasa ulikuwa mwaka tisini na nane. Alphonce alikuwa amemaliza mwezi wa Julai, akatangulia nyumbani, akapangiwa hospitali Songea. Rozina alibaki kumalizia mzigo wa mama mmoja wa Unguja, Bimdogo, uliokuwa upelekwe bandari ya Huangpu kupakiwa kontena. Tiketi yake ilikuwa tayari, Jumapili tarehe nne Oktoba, treni ya jioni ya kwenda Hong Kong, halafu ndege. Kibali cha kukaa kingeisha kesho yake. Siku ya kusogeza haikuwepo hata moja.

Sasa, Rozina hakujaliwa mtoto, na hakupenda mtu amtazame kwa jicho la pole. Lakini kila Jumapili alikuwa nao kumi na mmoja. Kulikuwa na kanisa la matofali mekundu, mtaa wa nyuma, si mbali na mto, ambako wageni walipewa saa zao za mchana kusali. Wakubwa wakiwa chini, yeye alikaa na watoto kwenye chumba cha ghorofani chenye sakafu ya mbao. Walikuwa watoto wa wanafunzi, Watanzania, Wakenya na wawili wa Kongo, wamekulia kwenye mabweni ya vyuo, chumba kimoja, kitanda cha juu na cha chini, jiko kwenye korido. Siku moja aliwauliza mahindi yanatoka wapi, na Thadeo, aliyekuwa na miaka tisa na mdomo wa watu watatu, akajibu yanatoka kwenye kopo. Wala hakuwa anatania.

Ndiyo Rozina akaanza kuwasimulia mavuno ya kwao. Siku ya mavuno, watu wanaingia kanisani na debe la mahindi, na mkungu wa ndizi, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye anawika katikati ya mahubiri. Ibada ikiisha, vitu vinanadiwa pale nje, na raha yote iko kwenye mnada. Mtu ananunua yai, analirudisha, linanadiwa tena, analinunua mwingine, naye analirudisha, mpaka yai moja linakuwa limenunuliwa na kijiji kizima na bado ni bichi. Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo, kisha wakauliza na sisi lini. Rozina akasema mwakani.

Mwaka ukazunguka, wakauliza, akasema mwakani. Ukazunguka tena. Alphonce alikuwa na mitihani, au mvua ilinyesha, au nafasi haikupatikana. Hapo ndipo Thadeo alipomtungia jina, Anti Mwakani, na Rozina mwenyewe alilisikia akiwa anapanda ngazi, akacheka kidogo, akaingia kama hakusikia.

Lakini mwaka huu, mwezi wa Agosti, alimjia Njoki. Njoki alikuwa mdogo kuliko wote, miaka sita, binti wa mwanafunzi Mkenya. Alimvuta sketi akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujipanga:

"Anti, mwakani ni siku gani? Inakuja kabla ya Alhamisi ama baada?"

Rozina akahesabu miezi kichwani. Mwakani yenyewe ilikuwa imekwisha. Mwakani yeye atakuwa Songea.

"Ni mwaka huu," akasema, na akasema kwa nguvu ili wote wasikie na yeye asipate pa kurudi nyuma. "Ni tarehe nne, mwezi wa kumi. Jumapili."

Hapo chumba kikalipuka. Walirukaruka juu ya zile mbao mpaka watu wa chini wakagonga dari kwa fimbo ya ufagio.

Wiki hiyohiyo alinunua mabeseni kumi na moja ya plastiki, yale mekundu ya kuogea watoto, akayatoboa matundu kwa msumari wa moto. Udongo aliuomba kwa watu waliokuwa wanachimba njia ya mabomba karibu na soko. Mbegu hazikumsumbua, kwa sababu jambo moja aliloligundua zamani ni kwamba Wachina nao wanakula mchicha, uleule, mpaka ule wenye doa jekundu katikati ya jani. Kila mtoto akapewa beseni lake na mbegu za mchicha na za vitunguu, aende akaweke kwenye baraza la bweni, amwagilie asubuhi na jioni, na asiruhusu mama yake afulie humo. Thadeo akaandika kwenye beseni lake SHAMBA LA THADEO, KUINGIA HODI. Baada ya siku tano mchicha ulichomoza. Watoto wakawa wanapigiana simu za korido za bweni, mmoja anamwita mwenzake kutoka ghorofa ya sita kumwambia kwamba wake umefikisha majani manne.

Shida ilikuwa mahali. Chumba cha juu kilikuwa chembamba na kile kishindo tumeshakisikia. Mahali pazuri palikuwa pamoja tu, ua wa kanisa, uwanja mdogo wa mawe kati ya ukuta na mlango mkubwa. Na ua ulikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe aliitwa Mzee Liang. Ndiye aliyefungua lango na kulifunga, ndiye aliyefagia, na ndiye aliyepanga mle uani vyungu arobaini vya michungwa midogo, ile ambayo Wachina huiweka milangoni mwaka wao mpya ukifika. Sikukuu ya Pasaka mpira wa Thadeo ulivunja vyungu vitatu. Tangu siku hiyo Mzee Liang alivuta waya kutoka ukuta mpaka ukuta, na mtoto akiusogelea tu, anakohoa.

Rozina alimwendea asubuhi ya Jumatatu, kabla ya soko. Alisema kwa Kichina chake cha kuungaunga: Jumapili, tarehe nne, watoto wadogo, hapa, inawezekana? Na kwa heshima akamwita laoban.

Mzee Liang alitazama michungwa yake. Akasema, "Zaishuo," akaendelea kufagia.

Rozina aliondoka na furaha yake. Hakuambiwa meiyou, na hakuambiwa bu xing, ambalo ndilo la kukatalia, analijua. Aliambiwa zaishuo. Kwenye basi alilipasua lile neno kama mtu anayemenya njugu. Zai alikuwa nalo tangu mwaka wa kwanza, kwa kuwa zaijian ni kuagana, tuonane tena. Kwa hiyo zai ni tena. Na shuo ni kusema. Basi zaishuo ni sema tena. Mzee wa watu hakusikia vizuri. Au amesikia, lakini mambo makubwa yanatakiwa kurudiwa, kama posa.

Kesho yake aliandika kwenye kiganja, zaishuo, sema tena, akaenda akasema tena. Mzee Liang akamtazama kwa muda, akasema zaishuo. Jumatano akasema tena, kwa sauti zaidi. Zaishuo. Alhamisi alileta jani la mchicha la kuonyesha. Mzee Liang akaligeuza jani, akatazama mgongo wake, akalirudisha, akasema zaishuo. Wiki ikaisha, ya pili ikaanza. Kuna siku alimkuta yuko juu ya ngazi anafuta taa. Akasimama chini akasema kwa kichwa kilichoinuliwa, na yule mzee akajibu bila kugeuka. Kuna siku mvua ilinyesha, akasemea chini ya mwavuli. Siku nyingine mzee akamwahi yeye. Alipomwona tu anaingia langoni, akasema zaishuo, na Rozina akaona sasa mambo yanakaribia.

Huko Zhongda alimhadithia Bimdogo, aliyekuja mwenyewe kusimamia mzigo wake. Bimdogo alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye miwani ya kamba, na kwa kila neno la Rozina alikuwa na lake. Alikaa juu ya jora la kitambaa kama mtu aliyekaa barazani kwake, akasikiliza habari yote ya ua na michungwa.

"Weye nawe, mwanangu," akasema. "Mtu kakaa na maua yake, wamwomba ua. Na huo ua wenyewe una maua. Sasa anajua wataka nini?"

"Nataka pa kuwekea watoto, Bimdogo."

"Na mie Mwislamu wa watu, nini kinaniingiza kwenye mavuno ya kanisani?"

Rozina akasema hakuna kinachomwingiza, alikuwa anamhadithia tu. Bimdogo akavuta uzi wa kitambaa, ukakatika, akamrudishia mwenye duka. Kisha akasema watoto hawana dini ya njaa, na kwamba siku hiyo yeye atakaanga visheti, beseni zima, maana kasikia ni shughuli ya mabeseni. Na kabla hawajatoka sokoni alikuwa ameshamzunguka kila laoban anayemjua, akikusanya vipande vilivyobaki, vyekundu, vya njano, vya maua, vya mistari. Rozina alirudi nyumbani na gunia. Alishona vibendera kila jioni, akivifunga kwenye kamba moja ndefu iliyokuwa ikitoka kitandani inazunguka jiko inarudi. Alipolala, vilikuwa vinaning'inia juu yake.

Jumapili ya tarehe ishirini Septemba, wazazi walikaa kikao. Mwenyekiti wa jumuiya ya Waswahili alikuwa Elinami, mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa sita China, anayeongea Kichina mpaka madereva wa teksi wanageuka kuangalia ni nani. Vyakula vikagawanywa, nyimbo zikapangwa. Ilipofika habari ya mahali, Elinami akauliza dada Rozina amefikia wapi na mlinzi.

Rozina akasema amefika pazuri. Kila siku anaambiwa arudie. Akafungua kiganja akaonyesha.

Elinami akasoma. Akainamisha kichwa, na mabega yakaanza kumtikisika, akajaribu kuyazuia, yakamshinda. Wengine wakauliza kuna nini. Akajifuta macho kwanza.

"Dada Rozina, samahani. Zaishuo si sema tena. Mtu akikwambia zaishuo ameshakukatalia. Ni kama kwetu mtu akisema tutaona. Ni kama kusema..." akatafuta mfano. "Ni kama kusema mwakani."

Kikao kizima kikacheka. Hakikucheka kwa ubaya. Ni kile kicheko cha watu waliokaa ugenini, kila mmoja ana kituko chake cha namna hiyo. Lakini Rozina alisikia joto likipanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Wiki tatu. Wiki tatu mtu mzima anakukatalia kwa adabu, na wewe kila asubuhi unarudi kumpigia kelele juu ya ngazi. Na lile neno la mwisho la Elinami lilikuwa limemchoma mahali pengine kabisa, ambapo wenzake hawakuona. Alitazama mlangoni. Njoki alikuwa amekaa kwenye ngazi, anasubiri mama yake, na kwa vidole anahesabu kitu. Rozina alijua anahesabu nini. Jumapili zilikuwa zimebaki mbili.

Elinami alipoona uso wake akasema basi waahirishe, wapange vizuri zaidi, hata mwaka ujao. Mtu mmoja akasema ni wazo zuri. Rozina akafunga kiganja.

Jumatatu hakwenda kanisani. Jumanne hakwenda. Kiganjani hakuandika neno, na siku hizo sokoni alikwama mara mbili, akafungua mkono akakuta mkono tu. Jumatano mama yake Thadeo akampigia simu. Akasema yeye amechoka, lile beseni limejaa mchicha mpaka njia ya kwenda kuanika nguo hakuna, na sasa majani yanageuka njano, Thadeo amelia jana, yeye analitupa. Rozina akamwomba asilitupe. Alikwenda kulichukua, na kwa kuwa chumbani kwake hapakuwa na jua, akaona alipeleke kule juu, kwenye dirisha la chumba cha watoto, kanisani. Basi ilikuwa Alhamisi asubuhi, Rozina anapita langoni na beseni jekundu kifuani, amekaza macho mbele, anaomba asionwe.

Mzee Liang alikuwa amekaa kwenye kigoda, karibu na lango kabisa, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kukaa. Akasimama. Akasema kwa Kichina cha polepole, kile ambacho mtu humwekea mgeni:

"Siku tatu hukusema."

Rozina akasimama pia. Akakusanya maneno aliyonayo. "Wewe ulisema hapana. Mimi sikuelewa. Samahani, laoban."

Mzee Liang akatikisa mkono, kama kusema hilo tuliache. Macho yake yalikuwa kwenye beseni. Aliinama akalitazama, akaingiza kidole kwenye udongo, akakinusa, akaguna guno la daktari anayepewa mgonjwa aliyecheleweshwa. Akalichukua beseni mikononi mwake bila kuomba. Aliketi nalo kwenye kigoda, akaanza kung'oa, mche huu, ule, huu, anapunguza msongamano, kila mmoja anaulaza pembeni juu ya gazeti kama kitu cha thamani. Alitumia kijiti kupekua udongo. Alikwenda ndani akarudi na birika, akamwagia majani ya chai yaliyopoa kuzunguka mashina. Muda wote huo alikuwa akisema, kwa Kikantoni sasa, lugha ya wenyeji, na Rozina hakuelewa hata neno, lakini sauti aliielewa. Ni ya mtu anayewasema watu wasiojua kulea.

Kisha akauliza yako mangapi kama hili. Rozina akaonyesha vidole kumi, halafu kimoja.

Akauliza na hayo mengine yako vilevile? Rozina akakubali kwamba yako vilevile.

Mzee Liang akatazama vyungu vyake arobaini. Akatazama waya. Akasimama, akaenda ukutani, akaufungua ule waya upande mmoja, akaanza kuuviringisha mkononi. Akasema yaletwe yote, leo, yatakaa hapa penye jua.

Rozina alimwambia neno lingine moja, la kweli, kwa sababu aliona hapa si pa kuficha. Alisema Jumapili ya tarehe nne ataondoka. Jioni, kwa treni. Hatarudi Guangzhou. Na watoto amewaahidi miaka mitatu.

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. "Mpira hakuna," akasema.

"Hakuna, laoban."

"Na vyungu wavibebe wao wenyewe. Waviweke ukutani, taratibu. Keyi." Inawezekana.

Rozina alikimbia mpaka kituo cha basi. Mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mkoba unampiga mgongoni, anakimbia mtaani Guangzhou, anapiga vigelegele vya chinichini.

Wiki ile ilikuwa ya moto. Mabeseni yalihamia kwa basi, kwa baiskeli, moja kwa teksi ambayo dereva alikataa udongo mpaka Elinami aliposhuka kumbembeleza. Kila jioni watoto walipita kumwagilia, na Mzee Liang akawa anawapanga mstari, akiwafundisha kumwaga maji kwenye udongo na siyo juu ya majani, na Thadeo alimwogopa kiasi cha kumwamkia shikamoo, ambayo mzee aliipokea kwa kuinamisha kichwa. Kufika Jumamosi mchicha wote ulikuwa umesimama, mweusi kwa ukijani, na lile doa jekundu linang'aa.

Jumapili jua lilikuwa la vuli, halichomi. Rozina alikuja na sanduku lake moja, akaliweka nyuma ya mlango wa mlinzi. Watoto walibeba vyungu arobaini, wawiliwawili, bila kuzungumza, kama wanabeba mayai, na hakikupasuka hata kimoja. Vibendera vikavutwa pale pale ulipokuwa waya. Bimdogo akaingia na visheti vyake, akatazama juu, akaona kipande cha kitambaa alichomnyang'anya laoban fulani, akasema mbele ya wote kwamba kanisa limevaa nguo za madukani kwake. Walisali, wakaimba. Kila mtoto akaleta beseni lake mbele, na Njoki alilivuta lake kwa kamba kwa kuwa lilimzidi uzito.

Halafu mnada. Pesa hazikuwepo, Rozina alishazikataa tangu mwanzo. Mnada ulikuwa wa vitendawili. Anayetaka fungu la mchicha anatega. Wakishindwa, wanampa mji na fungu analichukua. Na mji ukishatolewa hautolewi tena. Basi ikawa Kitendawili, Tega, Kitendawili, Tega, mpaka ukuta unarudisha. Ikaondoka Mombasa. Ikaondoka Mwanza, Kinshasa, Nairobi. Miji ya nyumbani ilipokwisha wakaingia ya huku, wakatoa Foshan, wakatoa Shenzhen. Thadeo alipowashinda wote akadai Guangzhou. Njoki akainuka akakataa katakata.

"Guangzhou hatupeani. Tukiipeana tutalala wapi?"

Wakubwa walicheka mpaka visheti vikawapalia, na Thadeo ikabidi achukue Huangpu.

Wakati huo Mzee Liang alikuwa ametoka na kikapu cha mabalungi. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Wachina ya katikati ya vuli, na alitaka kuwaonyesha watoto kitu. Alikata balungi juu, akatoa nyama yake nzima bila kuvunja ganda, akachonga matundu ubavuni, nyota na mwezi, akaweka mshumaa mfupi ndani na kamba ya kushikia. Taa. Watoto walimzunguka mpaka akawa haonekani. Kila mmoja akapewa balungi lake, na uani kukajaa harufu kali, tamu, inayoshika vidole.

Saa kumi na moja Rozina akatazama saa. Akaona bado kuna nafasi ya kitendawili kimoja. Akasimama mbele ya Mzee Liang, aliyekuwa na balungi mapajani na kisu mkononi, akasema, "Kitendawili." Elinami akamweleza mzee jinsi ya kujibu, na mzee akasema tega, vizuri kabisa.

"Babu yangu amevaa koti zito la kijani. Ndani watoto wamelala, wamekumbatiana."

Elinami akatafsiri. Thadeo alijua papo hapo, akaanza kupanda juu kama uji wa moto, na Bimdogo akamziba mdomo kwa kiganja. Mzee Liang akafikiri. Akalizungusha lile balungi mapajani, akafikiri tena. Mwishowe akainua macho kwa Rozina, na uso wake haukucheka hata kidogo.

"Zaishuo," akasema.

Hapo hata waliokuwa hawaijui hadithi walicheka. Rozina alicheka mpaka akajishika goti. Alipopata pumzi akasema hapana, leo zaishuo haipokelewi, leo anataka mji. Elinami akatafsiri, na akaeleza kwamba miji mingine yote imekwisha.

Mzee Liang akatazama lango, mtaa ule wa nyuma, mapaa. "Guangzhou," akasema, na akafanya ishara ya mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kitu kizito.

Safari hii Njoki hakukataa.

Rozina akapokea kwa mikono miwili, kwa kuwa ndivyo huku kunavyopokelewa. Akawaambia jibu ni balungi, na Mzee Liang akalitazama lililoko mapajani kama limemsaliti.

Watoto walirudi kwenye taa zao, wakisubiri giza. Rozina aliaga mmoja mmoja, kwa haraka, bila kuwakusanya. Bimdogo alimfunga visheti kwenye kitambaa, akamwambia akifika amwandikie, na asiandike kwenye mkono. Alipokuwa anavuta sanduku, Njoki akaja, balungi lake linaning'inia, mshumaa bado haujawashwa.

"Anti, utarudi mwakani?"

Lile neno likaja lenyewe mpaka kwenye ulimi, laini, limezoea njia. Rozina akalimeza.

"Hapana, Njoki. Sirudi."

Njoki alifikiri. Hakulia. "Sasa Guangzhou utamwachia nani?"

"Nakuachia wewe."

"Haya," akasema Njoki, kama mtu aliyepewa kazi, akakimbia kuwaambia wenzake.

Mzee Liang alimfungulia lango. Hakusema zaijian, na Rozina naye hakuisema. Waliinamishiana vichwa tu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu, hauna neno, unanuka balungi. Akashika sanduku kwa mkono huo, akavuka barabara kuelekea kituo cha basi, na nyuma yake, juu ya ukuta, alisikia Thadeo anapiga kelele kitendawili, na kumi wanamjibu.